Altezza inatangatanga, usukani unatetemeka, mbele inagonga. Nibadilishe raki kweli?

tezza_gia6

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii gari imeanza kunikosesha usingizi. Ni Altezza RS200, manyuo gia 6, imetembea kama kilomita 190,000. Nilivyoichukua ilikuwa imenyooka, kona unaiambia tu inaenda. Miezi minne iliyopita nikaishusha, nikafunga springi fupi na rimu nyingine za 17 za kununua pembeni, na kwakuwa mbele ilikuwa imeshafunguliwa fundi akaniambia bushi (zile raba) za nyuma za lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, zimechoka, basi tukaweka mpya zote mbili hapo hapo. Nikapiga alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) nikaondoka na furaha yangu.

Furaha ilikaa kama wiki sita hivi. Sasa hivi hali iko hivi: nikifika 90 mpaka 110 usukani unatetemeka mikononi, chini ya hapo shwari, nikipita 120 unapungua. Halafu inatangatanga, yaani barabara imenyooka lakini mimi muda wote nafanya kazi ya kuirudisha kama nachunga mbuzi. Nikipita vijishimo vidogo mwendo wa taratibu nasikia ko-ko-ko mbele kushoto, lakini tuta kubwa nikipanda polepole haigongi kabisa, hapo ndio sielewi. Nikishika breki inavuta kushoto na nikiachia breki inarukia kulia kidogo. Na usukani baada ya kona haurudi wenyewe vizuri kama zamani.

Nimeshabadilisha shokapu za mbele, tairodi endi zote mbili (vile vichwa vya fimbo zinazogeuza magurudumu), nimebalansi matairi mara mbili. Hakuna hata kimoja kilichopona. Fundi sasa anasema raki (ule mtambo wa usukani unaosukuma magurudumu) imekufa tubadilishe nzima. Kabla sijaingia huko nimeona niulize wenye uzoefu.

chuma_chakavu

Boljointi hizo, zile jointi za duara mwisho wa amu. Badilisha zote nne ulale salama.

spana_17

@chuma_chakavu wewe kila uzi ni boljointi, juzi mtu kauliza taa haiwaki ukamwambia boljointi 😂

Mkuu tezza pole. Kabla ya chochote naomba unijibu haya maswali na ujibu kwa ukweli usitetee mtu:

Ulipobadilisha tairodi endi ulipiga alaimenti tena au ulitembea hivyo hivyo? Rimu mpya zina zile ringi za plastiki au aluminiamu katikati, kati ya rimu na habu (kitovu inapofungwa rimu)? Ule mtetemo ni wa mikononi tu au na kiti kinatetemeka? Ukishika breki kwenye 100 unazidi au unabaki vile vile? Ukitoka mwendo mrefu ukagusa rimu za mbele kwa mkono, kuna iliyo ya moto kuliko mwenzake? Na zile bushi, je unakumbuka nati za amu zilikazwa gari ikiwa wapi, juu ya lifti magurudumu yananing'inia au ikiwa imekanyaga chini?

Hilo la mwisho ndio nalitaka zaidi.

tezza_gia6

Asante mkuu. Najibu:

Alaimenti sikupiga tena, fundi alihesabu nyuzi za ile ya zamani akafunga mpya kwa idadi ile ile akasema iko sawa. Ringi sijui hata ndio nini, sijaziona. Mtetemo ni mikononi tu, kiti kimetulia. Kwenye breki mtetemo hauongezeki, inavuta tu. Joto la rimu leo nimejaribu, zote mbili zinafanana. Bushi zilikazwa gari ikiwa juu, nilikuwepo nimesimama pale napiga picha.

spana_17

Haya. Umeshajijibu mwenyewe nusu ya swali, na raki sidhani kama imo humo. Ngoja niandike kwa urefu kidogo maana naona watu wengi hapa wanaangukia shimo hili hili, wanaorodhesha dalili tano halafu wanatafuta kifaa kimoja cha kuzibeba zote, wakati gari inaweza kuwa na magonjwa manne ya watu wanne tofauti.

Tuanze na mtetemo. Mtetemo unaokuja kwenye spidi fulani na kuondoka kwenye spidi fulani ni kitu kinachozunguka, na kilicholegea hakiutengenezi huo, kinaukuza tu. Tairi ya 215/45R17 mzunguko wake ni kama mita 1.96, kwahiyo kwenye 100 inazunguka mara 14 hivi kwa sekunde, ndio maana unausikia kama kutikisika. Ingekuwa ni propela shafti (fimbo inayopeleka nguvu nyuma) ungeisikia kama mvumo chini ya sakafu kwasababu yenyewe inazunguka karibu mara nne zaidi ya tairi. Mikononi maana yake mbele, kitini maana yake nyuma. Na kwakuwa breki haiongezi chochote, diski tuziache kwa sasa.

Sasa habu ya Altezza ni milimita 60.1. Rimu nyingi za kununua pembeni zinatobolewa 73.1 katikati ili ziingie gari nyingi. Bila ringi kuziba hiyo nafasi rimu inashikiliwa na nati peke yake, na ukianza kukaza nati moja moja gari ikiwa imeshakanyaga chini rimu inakaa pembeni kidogo, milimita sehemu tu, inatosha kukutetemesha. Ukienda kubalansi, mashine inaishika rimu katikati kwa koni yake vizuri kabisa, inasoma sifuri, unarudi kuifunga kwenye gari inakaa pembeni tena. Utabalansi mpaka mwakani.

Kutangatanga: umebadilisha tairodi endi bila alaimenti. Kuhesabu nyuzi ni kwa ajili ya kukufikisha kwenye mashine ya alaimenti bila kula matairi, haimalizi kazi. Endi mpya hata urefu wake unaweza kutofautiana kidogo na ya zamani. Tairi za mbele zikiangalia nje kidogo tu, gari inakuwa na akili mbili, kila tairi inataka kwenda kwake, na wewe katikati ndio mchunga mbuzi.

Ko-ko-ko: hili tuta kubwa lililokuchanganya ndio limeniambia zaidi. Ukipanda tuta taratibu magurudumu yote mawili yanapanda pamoja, kwahiyo fimbo ya stabilaiza, inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, haijipindi, inazunguka tu kwenye bushi zake. Kijishimo kinapiga gurudumu moja, fimbo inajipinda, na linki yake inavutwa. Linki ikilegea ndio inagonga hapo. Na ukishusha gari linki inakaa kwenye pembe ambayo haikutengenezewa, inachakaa mapema.

Kuvuta kwenye breki halafu kurukia upande wa pili ukiachia: kalipa (kile kinachobana diski) iliyoganda huwa inavuta, na mara nyingi rimu yake inakuwa ya moto kuliko mwenzake. Ya kwako imepoa sawa, halafu kuna huo mruko wa kurudi. Hiyo ni amu inayosogea. Breki inaisukuma nyuma, unaachia inarudi. Bushi ya nyuma ya lowa amu kushoto, mpya au si mpya, kaiangalie.

kijana_wa_kona

Bro mimi yangu ilikuwa usukani haurudi ikawa ni beringi ya juu ya shokapu, ile topu maunti. Badilisha hiyo topu maunti ni kitu kidogo tu. Halafu weka bushi za poliurethani (ngumu kuliko za mpira) kila mahali gari inakuwa kama go-kati aiseee

Sauda_apeksi

@kijana_wa_kona gari yako ni ya aina gani? Maana beringi ya topu maunti ni ya gari zenye shokapu inayozunguka pamoja na tairi ukikata usukani, zile za MacPherson. Altezza mbele ni amu mbili, ya juu na ya chini, shokapu imesimama tu haizunguki na usukani. Topu maunti inaweza kugonga ikichoka, lakini haiwezi kuufanya usukani ugome kurudi.

Na poliurethani, mimi nimefunga, nazipenda, lakini usimwambie mtu ambaye hajajua tatizo lake liko wapi afunge poliurethani kila mahali. Atapata gari inayogonga, inayotangatanga, na sasa inalia kama kitanda cha chuma.

Tezza, ile karatasi ya alaimenti ya kwanza unayo? Weka namba hapa, za mbele na za nyuma. Watu wanapiga alaimenti halafu karatasi wanafungia vitu.

tezza_gia6

Ninayo dada Sauda, ilikuwa kwenye deshibodi. Baada ya marekebisho imeandika hivi:

Mbele kemba kushoto -1°40', kulia -1°35'. Kasta kushoto 5°50', kulia 6°45'. Tou mbele 0°05' kwa ndani jumla. Nyuma kemba -2°10' na -2°00', tou nyuma kushoto 0°10' ndani, kulia 0°02' nje.

Sijui hata nasoma nini, nilijua kemba ni kamba 😅

Sauda_apeksi

Kemba ni tairi kulalia ndani au nje ukiitazama kwa mbele. Kasta ni ule mlalo wa ekseli ya kukatia ukiangalia gari kwa ubavu, ndio inayorudisha usukani katikati. Tou ni vidole, tairi zinaangaliana au zinapeana mgongo.

Kemba yako kwa gari iliyoshushwa wala sio mbaya, kushoto na kulia zinakaribiana. Mimi macho yangu yameenda sehemu mbili.

Kasta. Tofauti yako ni karibu digrii nzima, kushoto ndio ndogo. Kwa kawaida ikizidi nusu digrii gari inaanza kuvutia upande wenye kasta ndogo, na kwako ni kushoto, upande ule ule unaovuta na kugonga. Kasta ikipungua na usukani unakuwa mvivu kurudi. Kwahiyo hata siku ile ya alaimenti, bushi mpya kabisa, lowa amu ya kushoto ilikuwa tayari imekaa nyuma kuliko ya kulia. Mtu aliyekuwa kwenye mashine aliiona namba hiyo na akakuacha uende.

Ya pili ni nyuma. Kulia inaangalia nje, kushoto inaangalia ndani. Maana yake magurudumu ya nyuma yote mawili yanataka kwenda kulia na gari inatembea upandeupande kama kaa. Mbele unaweza kunyoosha utakavyo, usukani hautakaa katikati na gari itaendelea kuwa na wasiwasi. Watu wanaogopa tairi za mbele tu kwasababu ndio zinazoonekana zikikata, wakati gari inayosukuma kwa nyuma nayo inaongozwa na nyuma yake. Fanya hivi: barabara tupu iliyonyooka, gia ya 3, kanyaga mafuta vizuri halafu achia ghafla, shika usukani kwa vidole tu. Ikijisogeza upande mmoja ukikanyaga na upande mwingine ukiachia, kuna bushi za nyuma zinacheza na alaimenti ya peke yake haitasaidia kitu.

spana_17

Sauda umenifurahisha, mimi ya nyuma nilikuwa sijaifikiria.

Tezza, siku ukiwa na nafasi ikague hivi, usiende kwa fundi kumwambia "angalia mbele", utarudi na listi ya vitu vya kununua.

Pima upepo wa matairi kwanza yakiwa yamepoa. Najua unacheka, lakini nimeshaona mtu kafunguliwa amu kwasababu tairi moja ilikuwa na nusu ya upepo wa mwenzake.

Halafu pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Ikiwa upande mmoja inateleza na upande mwingine inakwaruza kama msumeno, hiyo ni tou. Ikiliwa pembeni ya ndani tu kwa ulaini ni kemba, au kemba na tou wameshirikiana. Ikiwa na mabonde mabonde ni shokapu au kitu kinachorukaruka.

Baada ya hapo usiinue gari bado. Ikiwa imekanyaga chini, injini inawaka, mtu akae ndani achezeshe usukani kushoto kulia kwa mikato mifupi ya haraka, kama robo ya mzunguko tu. Wewe ingiza mkono, shika kila jointi moja moja: tairodi endi, raki endi (jointi ya ndani, tairodi inapoungana na raki) kwa kuibana buti ya raki na vidole, halafu raki yenyewe pale inapofungwa kwenye krosi memba (boriti ya chini ya mbele). Vidole vinasikia kabla ya macho. Ikiwa raki yote inatembea kushoto kulia, ni bushi zake za kushikia, na raki haina kosa. Ikiwa usukani unazunguka kidogo kabla raki haijaanza kusogea, angalia msalaba (jointi) wa shafti ya usukani kule chini.

Sasa inua. Stendi ziwe chini ya fremu, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, saa 6 na saa 12 (na hapo hata ukihesabu kwa saa zetu za Kiswahili ni pale pale tu unageuza kichwa), itikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, hapo ni tairodi na raki endi. Kwa boljointi ya chini weka jeki chini ya lowa amu uibebe kidogo, halafu mtaimbo chini ya tairi unyanyue taratibu, mtu mwingine aitazame jointi. Hapo chuma_chakavu nampa haki yake, boljointi ya chini ikicheza gari ipaki, kwasababu ikichomoka gurudumu linalala na usukani haukusaidii tena.

Mwisho mtaimbo kwenye bushi za amu. Usitumie nguvu za hasira, bushi nzima ya mpira inatikisika kidogo na ndio kazi yake. Unatafuta mpira ulioachana na chuma, mpasuko unaofunguka ukisukuma, au amu kugusa mabano.

chuma_chakavu

Nilisema boljointi 😎

tezza_gia6

Wakuu nimerudi. Jumamosi yote nimeshinda chini ya gari na mdogo wangu ndani anachezesha usukani mpaka kasinzia.

Upepo: kulia mbele ulikuwa umepungua kidogo, nimesawazisha. Tairi za mbele zote mbili zinakwaruza ukipitisha mkono kutoka nje kuja ndani kama mlivyosema, msumeno kabisa. Raki imetulia, haisogei, raki endi nazo kimya. Boljointi za chini hazichezi, samahani chuma_chakavu. Stabilaiza linki ya kushoto unaitikisa kwa mkono inafanya ko-ko ile ile, nilicheka peke yangu. Zile shokapu za zamani wala hazikuwa na kosa, zipo stoo.

Bushi ya nyuma ya lowa amu kushoto imepasuka. Ina miezi minne! Mpira umeachana na bomba la katikati karibu nusu ya mzunguko. Ya kulia imeanza mstari mdogo. Nimejiuliza nimeuziwa feki au vipi?

Na rimu, nimevua zote nne, ringi hakuna hata moja. Jaribio la kukanyaga mafuta na kuachia: inasogea kidogo sana, sijui niseme ipo au haipo.

spana_17

Inawezekana sio feki. Sikiliza jinsi ile bushi inavyofanya kazi. Mpira wake umegandishwa na chuma cha nje na chuma cha katikati. Nati ukiikaza, chuma cha katikati kinabanwa na mabano hakizunguki tena. Kwahiyo amu inapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza, ni mpira wenyewe unajipinda. Pale ulipokaza ndio sifuri yake.

Sasa mlikaza magurudumu yananing'inia. Sifuri ya mpira ikawa ni amu iliyoshuka mpaka mwisho. Ukashusha gari chini, amu ikapanda, mpira ukajipinda. Na wewe juu ya hilo umefunga springi fupi, kwahiyo amu inapanda zaidi kuliko ya kawaida, mpira umekaa umepindwa saa 24 hata gari ikiwa imepaki usiku. Kila shimo unaupinda tena kutoka pale ambapo umeshachoka. Miezi minne ni mingi hata. Na ule mpindo pia unaisukuma amu isikae pale inapotakiwa, hizo kasta za Sauda nadhani zimeanzia hapo.

Dawa yake rahisi tu. Gari ikiwa imekanyaga chini, sehemu iliyo sawa, isogeze mbele na nyuma kidogo itulie, halafu pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda, andika namba ya kila upande. Inua, funga bushi mpya, nati za amu zifike tu mkono usikaze. Weka jeki chini ya amu, ipandishe mpaka ile namba irudi, hakikisha fremu imekaa vizuri kwenye stendi, ndio ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kama kuna lifti ya kupanda na magurudumu au shimo la gereji ni rahisi zaidi, unakaza ikiwa imesimama kwa miguu yake. Na amu za nyuma legeza zote ukaze upya hivyo hivyo, kwasababu uliposhusha gari nina uhakika hakuna aliyezigusa, nazo zimepindwa vile vile.

kijana_wa_kona

Duh mimi zangu zote zimekazwa gari ikiwa juu 😳 poliurethani nayo ina hiyo shida?

Sauda_apeksi

Hapana, poliurethani nyingi zinazunguka kwenye chuma cha katikati, hazijagandishwa, ndio maana zinataka grisi na zikikauka zinapiga kelele. Unaweza kuzikaza popote. Ila kama una mchanganyiko wa poliurethani na mpira wa kiwandani, za mpira bado zinataka kukazwa gari ikiwa kwenye kimo chake.

Tezza, rimu: tafuta ringi za 73.1 kwa 60.1. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya kwanza, kutu ikibaki pale rimu inakaa mshazari. Gurudumu likiwa bado hewani kaza nati kwa mkono kwa msalaba, ligeuze ligeuze ujue limekaa, ndio ushushe ukamalizie na toki renchi, Nm 103. Angalia pia kama vichwa vya nati vinafanana na viti vya rimu hizo mpya. Nati bapa kwenye kiti cha koni inashika kwa ukingo tu, na inalegea yenyewe.

Alaimenti iwe ya mwisho kabisa baada ya bushi kukazwa na linki kufungwa. Waambie waanze nyuma, halafu mbele, na uondoke na karatasi mkononi. Wakikuambia nyuma hairekebishiki simama nao hapo hapo uone wenyewe wanachokiangalia.

tezza_gia6

Update wakuu.

Bushi mpya mbele pande zote mbili, zimekazwa kwa kimo, tulipima kushoto 334 kulia 331, fundi aliniangalia kama nimechanganyikiwa lakini alifanya. Alipolegeza nati ya kwanza ya amu ya nyuma, ile amu iliruka peke yake ikashuka chini, tukatazamana. Za nyuma tumelegeza zote na kukaza upya. Stabilaiza linki nimeweka zile za kurekebisha urefu, fupi kidogo kuliko za kiwandani. Ringi zimefungwa.

Alaimenti ya jana: kasta kushoto 6°35', kulia 6°45'. Nyuma tou 0°06' ndani kila upande. Mbele nimewaambia waweke sifuri na ndani kidogo sana. Kwenye breki inasimama imenyooka, nimejaribu mara kama kumi barabara tupu, mara nyingine naachia mikono kabisa kidogo. Ko-ko imeisha. Ile ya mchunga mbuzi imeisha.

Mtetemo umebaki kidogo, kama robo ya ule wa zamani. Nilizihamisha za mbele nikaweka nyuma, mtetemo ukahamia kwenye kiti. Nikazizungusha moja moja karibu na kipande cha mbao, moja ukingo wake wa ndani umepinda, unaona inapishana na mbao kila mzunguko. Hiyo ipo kwa jamaa wa kunyoosha rimu.

Kilichobaki sasa ni usukani. Unarudi vizuri kuliko mwanzo, lakini kuna sehemu mbili kwenye mzunguko unakuwa mgumu kidogo halafu unalainika. Hiyo ni pampu?

spana_17

Pampu ikichoka ugumu unakuwa kila mahali, na zaidi gari ikiwa imesimama, na mara nyingi italia. Mgumu sehemu mbili kwa kila mzunguko mmoja ni msalaba wa shafti ya usukani umekauka. Inua magurudumu ya mbele injini ikiwa imezimwa, uzungushe taratibu mwisho mpaka mwisho, utaisikia vizuri zaidi. Ile ya chini kule karibu na joto la injini ndio huwa inaanza.

tezza_gia6

Sawa mkuu, naiangalia Jumamosi rimu ikirudi. Raki ya zamani bado ipo kwenye gari lakini 😂

chuma_chakavu

Ukiwa hapo chini cheki na boljointi za juu, umesema za chini tu.

tezza_gia6

...aisee kweli sijazicheki za juu.